Midi ya Kinshasa

Nianze na ungamo dogo, ili makubwa yapate njia ya kupita. Tangu nilipokuwa na miaka kumi na sita nilikuwa na daftari ambamo niliandika, siku baada ya siku, baba yangu amekosea saa sita ya mchana kwa dakika ngapi.

Baba ni mtunza sakristia wa kanisa letu hapa Butembo, upande wa Rughenda, ambako ndege ndogo zikishuka watu wanainamisha vichwa bila sababu. Kengele ya kweli hatuna. Tuna rimu ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwa mnyororo kwenye mkaratusi, na kipande cha chuma cha kuigongea. Asubuhi na jioni baba anagonga kuita watu. Saa sita ya mchana anagonga mapigo kumi na mawili kwa ajili ya sala ya Malaika wa Bwana, na hapo mtaa mzima unasimama. Mafundi wanaojenga nyumba ya ghorofa ng'ambo ya barabara wanaweka chini mwiko. Washonaji wanaondoa mguu kwenye pedali. Akina mama wanaanza kusonga obundu, ugali wetu wa muhogo. Hakuna anayetazama simu yake. "Imegonga?" "Imegonga." Basi, ni saa sita, ama midi, kama tunavyosema kwa Kifaransa chetu.

Shida ni kwamba mara nyingi haikuwa saa sita. Daftari linasema: 11:51. 12:09. 12:04. 12:14, hiyo ilikuwa Ijumaa. Kwa miaka minne, 12:00 kamili sikuiandika hata mara moja. Na mimi ni mtu anayerudi nyumbani mara tatu kuhakikisha kwamba kufuli limefungwa, na mara ya nne kuhakikisha kwamba ile ya tatu nilihakikisha vizuri. Watu waliposema kwa utani, "Tukutane saa sita, ya baba yako ama ya kweli?" wao walicheka na mimi nikafungua daftari.

Ninafanya kazi kwenye duka la fotokopi. Kompyuta sikusomea mahali popote. Nilijifunza kwa kuharibu, kwa kutengeneza nilichoharibu, na kwa video nilizopakua kipande kwa kipande. Aliyejifunza peke yake ana ugonjwa mmoja: hajui aliruka nini, kwa hiyo anaogopa kila kitu. Siku moja mwenye duka alinipa kompyuta ndogo, ukubwa wa pakiti ya biskuti, ambayo yeye aliiona haina faida kwa sababu haina skrini. Nilipogundua kwamba naweza kuiandikia programu fupi na kuiagiza iitekeleze kila siku kwa saa ileile, niwepo nisiwepo, sikufikiria jambo lingine. Nilifikiria rimu ya baba.

"Bega la baba linamuuma," nilimwambia padri. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Sababu ilikuwa 12:09.

Padri wetu anapenda vitu vipya. Paa lake lina sola nyingi kuliko mabati. Alikubali palepale, baba akiwa amesimama karibu yetu na chuma chake mkononi.

"Wiki moja ya kujaribu," padri alisema. "Kuanzia Jumatatu mupaka Jumapili, siku ya Mungu. Mashine ikienda muzuri, itabeba saa sita, halafu asubui, halafu mangaribi. Muzee atapumuzika. Tutamupa kiti mbele, pembeni ya kwaya."

Ili jaribio liwe la haki, padri alisema kwamba kila siku baada ya misa ya asubuhi atakichukua kile chuma na kukifungia kabatini hadi jioni. Wiki ikipita vizuri, kitabaki humo.

"Wasingya, Padri," baba alisema, yaani asante kwa Kinande chetu. Lakini mkono wake haukukiachia chuma upesi. Niliuona mkono huo. Nauandika hapa kwa sababu wakati ule nilijifanya sikuuona.

Nyumbani nilimweleza baba ratiba ya mashine kwa kupanga maharage matano mezani.

"Ya kwanza ni dakika: sifuri. Ya pili ni saa. Ya tatu ni siku ya mwezi, ya nne ni mwezi wenyewe, ya tano ni siku ya juma. Pale ambapo hutaki kuchagua, unaweka nyota. Nyota maana yake ni kila. Mimi nimeweka nyota kwenye zote tatu za mwisho."

Baba aliweka kidole juu ya haragwe la tano. "Hii nayo iko nyota? Hata siku ya Mungu?"

"Kila siku, tata," nilisema, yaani baba. "Haisahau, haichoki."

"Mm," baba alisema, akayarudisha maharage kwenye ungo, moja moja.

Sauti niliirekodi kwenye rimu yenyewe, baba akigonga. Nilirekodi mara kumi na nne. Kila mara baba alikohoa kabla ya pigo la kwanza, na kila mara nikakikata kikohozi kwa uangalifu, kama mtu anayetoa jiwe kwenye mchele. Jogoo wa padri alinishinda. Katika rekodi iliyokuwa nzuri kuliko zote aliwika juu ya pigo la tatu, na sauti yake ikashikamana na ya chuma, hata nisiweze kumtoa mmoja bila kumjeruhi mwingine. Nilimwacha. Nilijiambia kwamba nitarekodi tena siku nyingine, na jambo hilo liliniuma wiki nzima.

Hofu yangu kubwa ilikuwa juu ya lile haragwe la pili. Sisi tunasema saa sita. Mashine inaanza kuhesabu usiku wa manane na inataka kumi na mbili. Nilijiona nikiandika sita kwa mazoea, na mtaa mzima ukisali sala ya mchana alfajiri, na mafundi wakidai chakula kabla hawajaamka. Nilikagua mara nane. Kumi na mbili. Kumi na mbili.

Halafu, Jumapili mchana, nilifanya jambo ambalo mtu safi kupita kiasi tu ndiye anayeweza kulifanya. Mashine ilikuwa imejaa mabaki ya majaribio yangu, na mimi siwezi kupika kwenye sufuria yenye masizi. Nikafuta kila kitu, nikaipanga upya kuanzia mwanzo. Ikaniuliza, kupitia skrini ya simu yangu: nchi gani? Kongo. Mji gani? Ikanipa miwili, Kinshasa na Lubumbashi. Sijawahi kufika hata mmoja. Lakini tangu shule ya msingi, mwalimu akiuliza mji mkuu wa nchi yetu, sisi wote tulipiga kelele kwa jina moja. Kidole changu kilijibu kama mwanafunzi mzuri. Kinshasa. Nikafunga kisanduku cha mashine pale mkaratusini, spika ya kuazima ikiwa juu yake, na kwenda kupumzika.

Msomaji wa huku kwetu ameanza kucheka. Wengine wasubiri kidogo.

Jumatatu nilikuwa Beni. Mwenye duka ana duka la pili kule, katika komini ya Ruwenzori, na mara kwa mara mimi ndiye ninayekwenda kusafisha mashine za kuchapia. Saa sita kasoro dakika tano niliweka simu juu ya karatasi nikaitazama. Nilikuwa nimemwomba baba anipigie mara tu mashine itakapogonga. Saa sita ikafika. Saa sita na dakika moja. Saa sita na nne, simu ikalia.

"Tata! Imegonga?"

"Niko chini ya muti," baba alisema, kwa sauti ya mtu aliyekaa vizuri. "Nasikia ndege. Nasikia mbuzi. Weye ulisema itagonga wapi, huku ama Beni?"

"Taa ya mashine inawaka?"

"Inawaka muzuri. Kijani. Inaniangalia."

Nyuma yake nilisikia watu wengi. "Hao ni nani?"

"Bafundi. Banauliza kama midi imekufa. Chef wao, musimamizi wa kazi, anasema kama hakijagonga, si midi. Bashike kazi."

Sauti nyingine, ya fundi, ikaingia kwenye simu: "Dada, fanya haraka! Tuko na njaa, na chef iko anacheka!"

"Tata, kamwombe padri chuma."

"Padri iko Vuhovi, alikwenda na ufunguo." Nikamsikia akipumua. Sitaki kumsingizia baba yangu furaha, lakini ilikuwa pumzi ndefu na tamu. "Alisema jaribio iwe ya haki. Mimi ni mutu wa kutii."

Saa nzima nilikaa hivyo, simu sikioni, wino mweusi umefika kwenye kiwiko. Nilimwuliza waya, ampli, spika. Kila kitu kizima. Washonaji walikuja kuuliza, wakaondoka. Mama mmoja alikuwa amesonga obundu kwa kukisia, na mume wake alikataa kuja kula kwa sababu hajasikia kitu. Saa saba kamili, kupitia simu, nilisikia rimu yangu ikilia kwa nguvu, pigo la kwanza, la pili, na kwenye la tatu jogoo. Kisha kelele za wanaume, kama timu imefunga bao.

"Imegonga," baba alisema.

Nilitazama saa. Saa saba. Si saa saba na dakika mbili. Saa saba kamili kama sindano. Ingekuwa imechelewa dakika tisa ningetafuta ugonjwa wowote. Lakini saa nzima, bila hata sekunde ya ziada, ilikuwa na maana moja tu: pale Butembo ni saa saba, na kule kando ya mto mkubwa, upande wa magharibi wa nchi hii ndefu, mji mkuu ndiyo kwanza umefika saa sita.

"Tata," nilisema. "Niliipa saa ya Kinshasa."

Halafu nikamsikia akiwageukia watu. "Anasema mashine inafuata saa ya Kinshasa."

Kicheko kilichofuata kilinifanya niondoe simu sikioni. Mtu mmoja alipaza sauti juu ya wote: "Donc, basi kule njo banakula saa hii? Tangu lini tunangojea Kinshasa ikule kwanza?"

Mwingine akajibu: "Tangu uhuru!"

Wiki ile yote nilikuwa "midi ya Kinshasa." Nilipopita njiani wanawake walisema, "Muangalie, mutoto wa mukubwa." Padri aliporudi alisema kosa la siku ya kwanza ni kama kilio cha mtoto kwenye ubatizo, halihesabiwi. Jumanne asubuhi nilibadilisha Kinshasa nikaweka Lubumbashi, ambao kumbe ndio unaoshika saa sawa na yetu, na saa sita mchana mashine ikagonga saa sita. 12:00. Niliandika namba hiyo daftarini, nikaizungushia duara. Jumatano: 12:00. Nilipaswa kufurahi.

Baba alikuwa anakwenda kanisani kama kawaida. Saa sita alisimama chini ya mkaratusi mikono nyuma, akitazama spika kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa kwenye kiti chake. Mapigo yalipoanza alifanya ishara ya msalaba akiwa amechelewa kidogo, kama aliyeshtuliwa. Nyumbani alianza kutengeneza vitu vizima. Alitoa mpini wa jembe letu zuri, akautazama, akaurudisha.

Alhamisi niliomba ruhusa dukani, nikaenda kukaa penye lango la kanisa na daftari langu, nione ushindi wangu kwa macho. Pale langoni kuna mama anayepikia mafundi maharage kwenye sufuria kubwa kama ngoma. Mapigo yakalia, 12:00, jogoo akawika, mafundi wakavuka barabara na sahani zao, na yule mama akafunua sufuria akaniita kwa kidole.

"Weye njo mwenye ile redio?"

"Ni mashine, mama."

"Mashine, redio, iko moja tu. Kuja uone." Maharage yalikuwa yanaogelea, magumu kama kokoto. "Kuni zilinyeshewa. Sasa bale wote bako wamesimama wananiangalia. Baba yako alikuwa anakuja kwanza kuchungulia hapa. Kama bado, anaenda kusafisha vinara vya mishumaa. Kama iko tayari, anakohoa."

"Anakohoa?"

"Anakohoa, mimi nafunua. Halafu anagonga. Miaka yote hii ulifikiri iko na kifua?"

Nilikuwa nimekikata kikohozi hicho mara kumi na nne.

Fundi mmoja, sahani tupu mkononi, aliongeza: "Na siku ya kumwaga zege, sisi tunamuletea muhindi wa kuchoma. Anagonga mbele kidogo, tupumuzike."

"Na siku ya Ijumaa," akadakia mwingine, "chef naye anamuletea kasiksi, pombe ya ndizi, akawie kidogo, ju ukuta uishe!"

Wote wakacheka, na yule mama akapiga kifuniko kwa mwiko. "Muzee alikuwa anakula pande zote mbili! Na hakuna mutu alikosana na mwenzake. Sasa weye umetuletea nini? Njaa ya saa kamili."

Nilikaa chini nikafungua daftari. 12:14, Ijumaa. 12:13, Ijumaa. 11:51, pembeni nilikuwa nimeandika kwa kulalamika kwamba lori la saruji limeziba njia. 12:09, mvua. Kurasa zote zilikuwa na mpango, na mimi niliyejiona hodari wa mipango sikuwa nimeuona kwa miaka minne. Baba hakuwa anachelewa. Baba alikuwa na programu yake, yenye masharti: kama kuni ni mbichi, kama kuna zege, kama ni Ijumaa. Yangu ilikuwa na nyota tu. Nitaungama na hili: jambo la kwanza nililolisikia moyoni halikuwa huruma. Lilikuwa wivu.

Jumamosi jioni kabla ya rozari nilikwenda kukagua mashine kwa mara ya mwisho. Kesho yake padri angetangaza. Nilifungua ratiba, nikasoma mstari wangu polepole, na macho yakafika kwenye nyota ya tano.

Jumapili baba hagongi saa sita. Hajawahi. Misa ya saa tano inakuwa haijaisha, watu wote wako ndani, na saa sita ndiyo wakati mahubiri ya padri yamepamba moto. Baba aliniuliza jambo hilo mezani kwa kidole chake, na mimi nilimjibu kwa fahari. Dawa ilikuwa kufuta nyota na kuandika moja, kistari, sita: Jumatatu mpaka Jumamosi. Vibonyezo vinne. Mimi niliyewahi kurudi dukani kwa miguu, juani, kwa ajili ya koma moja kwenye barua ya mtu nisiyemjua.

Niliweka kidole kwenye kitufe. Nikakiondoa. Nikafunga kisanduku, nikaenda nyumbani nikinyata kama mwizi wa kuku, na njia nzima sikurudi hata mara moja kuhakikisha.

Jumapili padri alihubiri juu ya uvumilivu. "Ndugu zangu," alisema, mikono juu, "ile saa ya Mungu, nani kati yetu anaijua? Inakuja kimya, inakuja polepole..."

Rimu ililia. Spika nilikuwa nimeielekeza vizuri sana. Kanisa zima lilitikisika. Pigo la pili. La tatu, na jogoo juu yake. Mtoto mmoja akalia. Kwaya wakadhani ni ishara yao, sauti ya kwanza ikaanza "Amina" na sauti ya tatu ikafuata kwa mashaka. Mafundi wawili kwenye benchi ya nyuma walisimama kwa mazoea, kisha wakakaa. Padri alibaki na mikono juu, akingoja, na mapigo yalikuwa kumi na mawili, na mimi niliyahesabu yote nikiwa nimeziba uso kwa kitabu cha nyimbo.

Yalipokwisha padri alishusha mikono. "Hata jogoo anasema nimalize," alisema, na kanisa likaanguka kwa kicheko.

Baada ya misa alituita sakristia, baba na mimi.

"Mashine hainaga siku ya Mungu?"

"Naweza kuitengeneza, Padri," nilisema. Kudanganya juu ya kazi yangu siwezi; ndilo tatizo langu. "Ni kitu kidogo sana."

"Na Noeli? Na siku ya maziko?"

"Hata hizo naweza ku..."

Baba alikohoa.

Nikafunika mdomo. Nilikuwa nimejifunza tangu Alhamisi kikohozi hicho kina maana gani: sasa tayari, tosha.

Padri alimtazama baba, akanitazama mimi kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka, kisha akafungua kabati akatoa chuma. "Muzee, na bega?"

"Bega iko," baba alisema, akakipokea kwa mikono miwili.

Njiani tulitembea hadi tulipopita uwanja wa ndege.

"Siku ile ya maharagi," baba alianza, "nilikuuliza."

"Uliniuliza, tata."

"Na weye, mutu wa kuhakikisha kila kitu, ulisahau."

"Nilisahau."

"Mm," baba alisema. Akahamisha chuma kutoka bega bovu kwenda bega zima. "Kesho kuna zege. Kuja kula muhindi."

Mashine haijastaafu. Jumatatu iliyofuata niliiandikia moja, kistari, sita, kwa sababu kuna mambo ambayo siwezi kuyavumilia yakiwa yamekosewa hata kama hayana kazi. Spika niliirudisha kwa mwenyewe. Sasa kila siku isipokuwa Jumapili, saa sita kamili, saa ya Lubumbashi, mashine inampigia baba bipu moja kwa modemu ya zamani. Baba anaitoa simu mfukoni, anaitazama kama unavyomtazama mtoto aliyekusalimu vizuri, anairudisha, na kwenda kuchungulia sufuria langoni.

Na daftari ninalo bado. Jana niliandika 12:07. Pembeni, mahali ambapo zamani nilikuwa naweka alama nyekundu, niliandika: kuni mbichi.